Jasho la Jiwe

Siraj alikaa miaka minne bila kumpigia dada yake simu, na alipopiga hakusalimu. "Njoo Bwera," alisema. "Mkono yako inatakiwa." Rashidah alikuwa Entebbe, kwenye kazi yake ya kuchora ramani za miamba, na kidole chake kilikuwa tayari kukata simu. Ndipo Siraj akataja koltani, yale madini meusi ya bei kubwa, kwamba ameipata shambani kwa baba. Papo hapo Rashidah akajua kwamba kaka yake amekosea, na kumkosoa Siraj ilikuwa raha ambayo hajawahi kuinyima nafsi yake tangu utotoni. Kesho yake asubuhi alikuwa ndani ya basi.

Tusifichane kuhusu watu hawa wawili. Tumbo lililowazaa ni moja, lakini ungewafungia chumba kimoja ungekuta mmoja ameng'oa mlango. Siku waliyomzika baba yao, mzee Isa, Siraj alisimama mbele ya waombolezaji akasema kwamba shamba la Bulembia ni lake, kwa kuwa msichana harithi mawe. Mawe kweli, maana shamba lenyewe, juu ya Mto Nyamwamba, lilikuwa mwamba wenye udongo kiduchu na migomba iliyokonda. Rashidah alimjibu kwa tusi ambalo halisemwi matangani. Tangu hapo mama yao, Saudah, akawa na watoto wa zamu. Kila mmoja, kabla hajaja kumwona, aliuliza kwanza: mwenzangu yuko? Akiambiwa yuko, haji.

Sasa ulikuwa mwaka 2015. Miaka miwili nyuma mto ulikuwa umefurika, ukateremka na mawe makubwa kuliko magari, ukaila migomba yote ya chini na kuacha ukuta wa mwamba umesimama uchi, wenye mistari myeupe na myeusi. Juu ya ukuta huo, kwenye kitalu kidogo cha nyasi, lilikuwa kaburi la Isa. Na hapo ndipo mkono wa Rashidah ulipotakiwa. Siraj alitaka kuuchimba ukuta, na huwezi kuuchimba ukuta bila kuliondoa kaburi. Sharti la ukoo wao lilikuwa moja na halikuwa na mlango wa nyuma: kaburi halifukuliwi mpaka watoto wote wa marehemu waweke mikono juu ya udongo wake, pamoja, kwa wakati mmoja. Mmoja akikosekana, marehemu anabaki alipo.

Rashidah alishuka Bwera akiwa na nyundo yake mkobani na neno "hapana" limeshaiva mdomoni.

Ofisi ya Siraj ilikuwa chumba kimoja kando ya maegesho ya malori, mwendo mfupi kutoka forodha ya Mpondwe, mpakani na Kongo. Alikuwa msafirishaji, mwenye Fuso moja zima na jingine lililokaa juu ya matofali. Hakuinuka. Pembeni yake alikaa mtu mnene mwenye msalaba shingoni, ambaye aliinuka.

"Huyu ni Gracien," Siraj alisema. "Mtu ya Butembo. Anajua koltani kuliko wewe."

"Basi aweke yeye mkono kaburini," Rashidah alisema.

Gracien alifungua kitambaa akamwekea kiganjani kipande cheusi kisichozidi punje ya kunde. "Dada, miye niko mucuruzi, nauzisha mawe tangu zamani," alisema. "Kwetu hata mutoto anajua hii kitu. Pima tu na mukono yako. Nilivunja kidogo ya jiwe yenyewe, jiwe ilitoka pale kwenu. Iko ya kweli, vraiment."

Rashidah alikipima. Alikikwaruza. Alikitazama kwa kioo chake cha kukuzia, mara moja, kisha tena. Lile "hapana" akalimeza, kwa sababu kipande kilikuwa koltani kweli, na Siraj alikuwa anauona uso wake.

"Msomi amenyamaza," Siraj alisema. "Gracien, andika tarehe ya kuchimba."

Rashidah alirudisha kipande mezani. "Hili ni jiwe," alisema. "Mimi nataka kuona limetoka wapi. Mpaka nione, mkono wangu unakaa mfukoni."

Usiku alilala kwa rafiki mjini Kasese, si kwa mama yake, kwa kuwa Siraj angelala kwa mama. Alilala vibaya. Kitu kilichomkosesha usingizi hakikuwa kaburi. Lilikuwa wazo kwamba Siraj anaweza kuwa amesema kweli, na tuseme tu, ni aibu kwa binti kuwaza hivyo juu ya mifupa ya baba yake.

Asubuhi walikutana Bulembia, chini ya ukuta. Siraj alikuja na wapakiaji wake sita, vijana wenye mabega, na sululu zao. Gracien alikuja na begi. Shehe Sulaiti, aliyekuja kwa niaba ya ukoo na dini kwa pamoja, alikaa juu ya jiwe akiwa na uso wa mtu anayengoja ugomvi umalizike ili atoe hukumu. Mama Saudah alisimama juu, kando ya kaburi, amejifunga kanga mbili. Rashidah alimsalimu kutoka chini. Mama aliitikia kwa kichwa tu.

"Haya," Siraj alisema. "Soma. Si ndio ulisomea? Shamba ya kahawa ya baba iliuzwa wewe usome mawe."

Rashidah alianza upande wa chini wa mto akapanda polepole, akigonga, akilowesha kwa maji ya chupa, akichungulia. Mistari myeupe ilikuwa minene kama paja, imejaa kwatzi na felspa. Kila mstari mweupe ulikuwa na pindo jeusi juu na pindo jeusi chini, la ulanga mweusi unaometameta. Alipoyaona mapindo yale, moyo wake ulitulia, kisha ukafurahi, na furaha yenyewe ilikuwa na kisu ndani yake.

"Njooni mtazame," alisema kwa sauti ya darasani, ile ambayo Siraj aliichukia kuliko zote. "Hapa zamani ilikuwa tope. Tope likafukiwa, likashuka chini sana, likabanwa na kupikwa mpaka likawa jiwe. Likazidi kupikwa. Sasa, mama akikaanga nyama ya mafuta bila maji, nini kinayeyuka kwanza?"

"Mafuta," alisema kijana mmoja, akakatwa jicho na Siraj.

"Mafuta. Nyama inabaki, kavu na nyeusi. Na jiwe ni vilevile. Halikuyeyuka lote. Sehemu nyeupe iliyeyuka kwanza, ikatoka, ikakusanyika kwenye mistari, halafu ikapoa hapohapo. Hizi nyeusi za pembeni ndizo makapi yaliyobaki. Jiwe la namna hii linaitwa migmataiti. Nusu limeyeyuka, nusu limekataa."

"Na koltani?" Gracien aliuliza.

"Koltani utaitafuta kwenye mshipa mgeni. Mshipa uliopanda kutoka kwenye granaiti kubwa huko mbali, ukabeba vitu vya huko, ukapasua jiwe la watu na kuingia. Mgeni hana makapi pembeni. Huyu anayo, juu na chini. Weupe huu haukutoka popote, Siraj. Ni jasho la jiwe lenyewe. Halina kitu ambacho jiwe halikuwa nacho."

Angeweza kuishia hapo. Lakini ulimi ulikuwa umeshanoga. Aliwaonyesha kule juu ya mto, ambako kuyeyuka kulizidi mpaka mistari ikapotea na kila kitu kikavurugika kama uji uliokorogwa, na kuwaambia kwamba hiyo huitwa dayateksaiti. Kisha akapiga kwa kiganja ukuta ulio chini ya kaburi. "Na hapa ni metateksaiti. Jasho lilikuwa kidogo, kwa hiyo mistari imeshika, myeusi na myeupe, imenyooka kutoka huku mpaka kule. Tazameni ilivyolala safi." Alisema hayo kwa fahari, kama ameilaza yeye.

Siraj alikuwa amebadilika rangi. "Maneno tu! Jiwe tuliokota hapa! Mimi na mkono yangu, chini ya hii nyeupe, kwa mchanga. Gracien, toa!"

Gracien alifungua begi akatoa mawe mawili, kila moja la ukubwa wa ngumi, jeusi, limegandamana na tope kavu. Moja lilikuwa limemeguliwa pembeni. Rashidah aliyapokea na mikono ikashuka kwa uzito. Alimimina maji akasugua kwa kidole gumba. Tope likatoka. Chini ya tope, ubavuni mwa jiwe lile zima, palikuwa na mkwaruzo wa kijani wa rangi ya kupaka.

Rangi ya kopo haizaliwi ndani ya mwamba.

"Haya mawe yamewekwa," alisema. "Mtu ameyaleta akayazika."

Siraj aligeuka na kumkamata Gracien ukosi. "Mkongo! Umenipandia mawe kwa shamba yangu! Umeniuzia uongo!" Vijana wa sululu walishamzunguka mgeni, kila mmoja ameshapata sababu. Jambazi wa nje ni rahisi kupiga, hana shangazi wa kuja kulia.

"Miye?" Gracien alifoka, msalaba umempanda kidevuni. "Miye niweke koltani yangu mu shamba yako, halafu nikulipe wewe? Niko mwenda wazimu? Siraj, wewe ndiye ulinipigia simu! Wewe ndiye uliniita!"

"Mwachieni," Rashidah alisema.

Hawakumwachia. Kijana mmoja alimsukuma Gracien begani, na mwingine akamvuta begi.

"Mwachieni! Haya mawe hayakutoka Kongo wiki hii. Siraj, njoo hapa. Njoo utazame rangi. Unaijua?"

Siraj alitazama. Mkono wake ukaachia ukosi wa Gracien.

Aliijua. Aliipaka yeye mwenyewe, akiwa mvulana, kwenye mlango wa duka la baba yao la samaki pale Bwera, na akapigwa kwa kuimwaga sakafuni. Mawe mawili mazito yalikuwa yakizuia mlango huo usipigwe na upepo. Mteja mmoja wa Beni, ng'ambo ya mpaka, aliyaacha kwa Isa miaka ile ambayo koltani haikuwa na jina wala bei, lilikuwa jiwe zito tu, na Isa akayapa kazi ya mlango. Duka lilipofungwa yalihamia hapa Bulembia, mlangoni kwa mama. Rashidah alikuwa ameyaruka maisha yake yote, na jana ameshika punje yake kiganjani bila kuitambua.

"Mgeni hakuleta kitu," Rashidah alisema kwa hasira. "Yametoka humuhumu ndani. Umechukua mawe ya mlango wa baba, ukayazika, ili upate sababu ya kumfukua baba. Umemdanganya mwenzako, umemdanganya shehe, umenitoa Entebbe. Wewe ni mtu wa namna gani?"

"Wallahi si mimi!"

"Usimtaje Mungu!"

"Wallahi, Rashidah! Mimi niliokota tu! Hata sikuosha!" Na Siraj, mwanaume mwenye Fuso mawili, alikuwa karibu kulia, si kwa toba, bali kwa uchungu wa mwongo anayesingiziwa siku ya kwanza aliyosema kweli.

"Ni mimi," mama alisema kutoka juu.

Wote waliinua vichwa. Saudah hakuwa amepaza sauti. Alishuka hatua mbili kwenye njia ya mteremko akasimama mahali ambapo wangemwona vizuri.

"Hiyo mawe ni yangu. Mimi nilizika. Sokoni walishaniambia hiyo ni koltani. Nilijua Siraj atakuja na Fuso kuchota mawe ya ujenzi ya kuuza, nikaweka mahali ataona."

"Mama," Rashidah alisema. "Kwa nini?"

"Panda uone kwa nini. Wewe unasoma mawe, panda."

Rashidah alipanda, Siraj nyuma yake, shehe nyuma yao akihema. Mama aliwaonyesha kwa mguu. Upande wa nyuma wa kaburi, mbali na mto, nyasi zilikuwa zimepasuka kwa mstari mrefu, na ufa ulimeza mkono wa mama mpaka kiwiko alipouingiza. Kaburi lilikuwa upande wa mto.

"Ilianza kama uzi," mama alisema. "Nikapigia wewe, Siraj. Nikasema ardhi inapasuka, njoo tuhamishe baba yako. Uliniuliza nini? Uliniuliza, Rashidah iko? Nikapigia wewe, Rashidah. Na wewe? Siraj iko? Kila mvua nilipiga. Mmoja anasema atakuja mwenzake akitoka. Mwingine hata hashiki simu. Na ukoo inataka mikono yote, pamoja. Sasa mimi nifanye nini? Nimwache aende na maji?" Alifuta kiwiko kwa kanga. "Nikakumbuka watoto wangu vile nilivyowazaa. Huyu atakuja kwa tamaa. Huyu atakuja kwa ubishi. Na mmekuja."

Rashidah hakusikia mwisho wa maneno hayo vizuri, kwa sababu alikuwa amepiga magoti anachungulia ndani ya ufa. Chini kabisa, mwanga ulipofika, alikiona kitu kinametameta. Ulanga mweusi. Makapi yale yale. Pindo jeusi lililopita chini ya kaburi lote, laini, linalovunjika kwa ukucha, lililolala limeinamia mtoni. Mistari imeshika, alikuwa amewaambia. Imenyooka kutoka huku mpaka kule. Tazameni ilivyolala safi. Alikuwa amesimama chini ya utelezi huo akiupigapiga kwa kiganja na kujisifu, na kaburi la baba yake liko juu. Aliona haya mpaka masikio yakawasha.

"Unateleza," alisema. "Ukuta wote huu utashuka. Mvua moja kubwa, labda mbili."

"Kwa ajili ya mgodi nisingefurahi," Shehe Sulaiti alisema. "Kwa ajili ya maji, dini haina neno. Lakini sharti la ukoo liko palepale. Mikono yenu wote wawili."

Rashidah aliuvuka ufa akaweka mkono wake juu ya udongo wa kaburi. Ulikuwa wa baridi.

Siraj hakuweka. "Nimeaibishwa mbele ya wafanyakazi wangu," alisema. "Nimeitwa mwizi na dada yangu, na mama yangu mwenyewe amenichezea kama mtoto. Ati tamaa. Mnataka mkono yangu? Mpaka huyu aniombe msamaha."

"Wewe kwanza," Rashidah alisema. "Ulisema msichana harithi mawe."

"Ni kweli harithi!"

"Basi baki nayo!"

Siraj alitemea nyasi mate, akapanda mpaka barabarani, akaingia kwenye Fuso na kuliwasha. Juu ya milima mawingu yalikuwa yameshakaa, meusi, yamefunika vilele. Rashidah alikuwa bado ameweka mkono kaburini, mkono mmoja usio na kazi, na hakusogea, na hakuita. Jina la kaka yake lilikuwa mdomoni na meno yamelifungia.

Mama aliwatazama, huyu aliye chini na yule aliye juu. Kisha akakunja kanga yake magotini, akauvuka ufa, akalipita kaburi, akaketi kwenye nyasi za ukingoni kabisa, mgongo kwa watoto wake na uso kwa mto.

"Mama, rudi huku," Rashidah alisema. "Hapo si salama."

"Nitateremka naye."

"Mama!"

"Mkitaka kugombana gombaneni. Mimi nimechoka kupiga simu."

Vijana walishusha sululu. Gracien alijigusa paji la uso na kifua. Kokoto ndogo ilitoka ukingoni ikaanguka, na wote waliisikia ikigonga chini.

Rashidah alikuwa amejiapiza kwamba jina hili halitatoka kinywani mwake kwa kuomba mpaka anakufa. "Kaka Siraj!" aliita. "Kaka, njoo! Nimekosa! Njoo umtoe mama!"

Injini ilinguruma kidogo, kisha ikazimwa.

Alirudi anakimbia, mtu mzima na kitambi chake. Aliuvuka ufa, akapiga magoti kando ya dada yake bila kumtazama, akabandika kiganja udongoni kwa nguvu kama anayepiga kofi. "Shehe, umeona?" alisema. "Umeona? Haya, jembe!"

"Nimeona," shehe alisema.

Saudah hakuinuka mpaka jembe la kwanza lilipoingia ardhini.

Walimhamisha Isa siku hiyohiyo, mpaka juu kwenye ardhi ngumu nyuma ya nyumba ya mama, kwa dua na kitambaa kipya, na vijana wa sululu walifanya kazi vizuri kuliko ambavyo wangefanya kwa koltani. Siraj na Rashidah hawakusemezana tena. Walipopishana njiani kila mmoja aliangalia upande wake. Gracien alingoja mpaka mwisho, akamfuata mama kwa adabu, kofia mkononi.

"Mama, hii mawe mbili, vraiment, iko na bei."

"Iko na mlango," mama alisema, akamnyang'anya.

Ukuta ulishuka mwezi wa kumi na moja, asubuhi moja ya mvua, wote kwa pamoja, na asubuhi hiyo hata mahali pa kaburi la zamani hapakuwepo tena. Saudah alifungua mlango wake, akausukumia mawe mawili yauzuie, akachukua simu. Alimpigia Siraj kwanza, akamwambia ukuta umeshuka. Siraj akauliza, "Rashidah anajua?"

"Mpigie umwulize," mama alisema, akakata.

Halafu akampigia Rashidah. Rashidah naye akauliza kama Siraj amejua.

"Mpigie umwulize," mama alisema, akakata, akaweka simu chini kando ya jiwe la mlango.